Msusi Aliyetoka Porini Nusu Kichwa

Jina la kwenye kitambulisho analo, ila halina kazi. Mtaa mzima unamwita Kiguu, kwa kuwa kiguu na njia, na aliyempa jina hilo ni mama yake mdogo mwenyewe. Siku hiyo mtoto ana miaka sita, katafutwa kutwa nzima, kaja kupatikana mitaa mitatu kutoka nyumbani na kandambili mguu mmoja. Anaulizwa, unaenda wapi? Anajibu, "Mbele."

Sasa ana ishirini na saba na bado anaenda mbele. Tatizo ni kwamba kazi yake ni ya kusimama sehemu moja. Kiguu ni msusi. Na si msusi wa kubahatisha, jamani, tumpe haki yake: vidole vyake vinakimbia mpaka mteja anageuka kuangalia kama nyuma yake wako watu wawili. Saluni ni ya Mama Mdogo, aliyemlea tangu dada yake, mama wa Kiguu, alipofariki. Ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi wa kuchomelea mageti na duka la simu. Kina vioo viwili, kimoja na ufa. Kina draya tatu, moja inafanya kazi na mbili zinaisindikiza. Rasta, zile nywele za bandia za kusukia, zimening'inia ukutani kwa namba za rangi, na feni ya juu inazunguka kama mtu anayefikiria kwanza.

Humo ndani Kiguu amesimama miaka kumi na miwili. Mikono inasuka, mguu wa kushoto unatikisika. Hausimami, tangu asubuhi hadi kufunga. Wateja wameshazoea. Mmoja aliwahi kusema kusukwa na Kiguu ni kama kukaa karibu na mashine ya kufulia, tofauti tu hii inapiga umbea.

Kitu ambacho hakuna aliyekizoea ni vile anavyoanza mambo. Kozi ya kompyuta, wiki tatu. Kushona, akamaliza gauni upande wa mbele tu. Keki, mpaka leo kuna bati moja la kuokea halijaoshwa. Gitaa liko juu ya kabati, lina nyuzi nne na vumbi. Kwenye grupu la familia akiandika tu "Jamani nimepata kitu kipya," binamu zake wanaanza kubashiri.

"Siku nne."

"Tano, kuna wikendi katikati."

"Mpeni wiki, amekua huyu."

Vicheko vya kulia machozi, vile vikatuni vya simu, vinane kwa mpigo. Na Kiguu naye anaweka chake, cha tisa, maana afanye nini.

Hiki cha safari hii kilikuja kwa video. Jumanne moja mchana mteja kapitiwa na usingizi, Kiguu mikono iko kazini, jicho liko kwenye simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Akatokea mwanamke mmoja mfupi, buti zimechakaa, kapiga goti msituni anapekecha kijiti juu ya kibao. Mara moshi. Mara puu, moto. Hana kiberiti, hana chochote. Chini kumeandikwa: Jumapili nne. Njoo na kisu, chupa ya maji na nguo za kuchafuka.

Kiguu akairudia mara kumi na moja. Mguu wa kushoto ukaacha kutikisika.

Mteja akashtuka usingizini. "Vipi, umeme umekatika?"

Jioni hiyohiyo mazoezi yakaanza kwenye kibaraza cha nyuma. Kibao akatumia kile cha kukatia vitunguu. Kijiti akatumia mwiko. Upinde akautengeneza kwa hanga ya nguo na kamba ya kiatu, akapekecha mpaka jasho likamtoka kisogoni. Moto hakupata. Asubuhi Mama Mdogo kaingia jikoni, kaushika mwiko, kaugeuza.

"We mtoto. Huu mwiko umeungua upande wa mkononi. Nani anapikia upande wa mkononi?"

"Ni mazoezi, Mamdogo."

"Ya nini?"

"Ya kuwasha moto."

Mama Mdogo akaliangalia jiko la gesi. Akamwangalia Kiguu. Akalirudia jiko. "Hili hapa linawaka," akasema taratibu, kama anaongea na mgonjwa. "Unageuza hapa."

Jumapili ya kwanza Kiguu akapanda basi la alfajiri mpaka lami inapoishia, akatembea nusu saa, akawakuta watu sita kwenye ukingo wa msitu. Mwenye video alikuwa yuleyule, mfupi vilevile, buti zilezile. Alikuwa askari wa misitu kabla ya kuanza kufundisha, na wote wanamwita Kocha. Sauti yake ni ndogo, akiongea watu wote mnainama kama mnaombea kitu. Kati ya wanafunzi kulikuwa na keshia wa benki aliyevaa suruali yenye mifuko kumi na minane, kila mfuko na kifaa chake. Kabla saa haijapita alikuwa ameshabatizwa Bwana Gia.

"Hiki kinafungua kopo," Bwana Gia akamwonyesha Kiguu. "Kinakata waya, kina dira, kina filimbi."

"Kinawasha moto?"

"Cha kuwasha moto bado hakijanifikia. Kiko njiani."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, hakuna aliyemwambia Kiguu atulie. Walitembea. Miguu yake ilipewa ilichokuwa inadai miaka yote, ikafurahi hadi aibu. Kocha aliwaonyesha alama za kwato kwenye tope, akaziwekea kidole: huyu kapita umande haujakauka, yule kapita jana, na huyu hapa mdogo alikuwa anachechemea. Aliwafundisha kuchagua mti kwa kucha. "Bonyeza. Kucha ikiacha alama, unafaa kwa moto. Isipoacha, katengenezee kitanda." Aliwafundisha kusimamisha banda la matawi, na kutafuta maji kwenye kijito kilichokauka: unachimba shimo kwenye mchanga wenye unyevu, unakaa pembeni, unasubiri.

Hapo kwenye kusubiri ndipo palipomshinda. Kiguu alichimba shimo, akaliangalia dakika mbili, akaona kavu, akahama. Akachimba la pili. Akachimba la tatu kule kwenye kona, mchanga mpaka masikioni. Aliporudi amekata tamaa, akamkuta Bwana Gia amechuchumaa kwenye lile shimo la kwanza anajaza chupa.

"Asante kwa kunichimbia, dada," akasema, akafunika kizibo.

Jumapili ya pili ilikuwa ya moto. Vifaa ni vinne tu: kibao chenye kishimo, ulindi, yaani kile kijiti cha kupekecha, jiwe la kukandamizia juu, na upinde wa tawi wenye kamba inayouzungusha ulindi. Unakanyaga kibao kwa mguu wa kushoto, unavuta upinde kwenda na kurudi, ulindi unasaga kibao, unatoka unga mweusi, na ule unga ukipata joto la kutosha unageuka kaa dogo la moto. Ukielezwa ni kama mchezo. Siku hiyo walitumia kamba ya Kocha.

Mkono wa Kiguu ulikuwa na kasi kuliko wote. Moshi wake ndio ulioanza kutoka. Na kila moshi ulipotoka, Kiguu alisimamisha upinde achungulie. Akaona hamna kitu, akabadili mti. Akabadili tena. Akahamia kivulini. Akahamia juani.

"Arobaini," Kocha akasema nyuma yake.

"Arobaini nini?"

"Ulivuta mara arobaini ukaacha. Mara ya pili arobaini na tatu. Sasa hivi thelathini na tisa. Kaa linataka mia na kitu."

"Nilidhani huu mti mbaya, Kocha."

"Huo mti nimewashia mimi asubuhi." Akatazama chini. "Na huo mguu. Ndio unaoshikilia kibao, na kibao kinacheza dansi. Unga wote unamwagika."

Kwa Bwana Gia moto ulikuwa umeshawaka, tena bila kifaa hata kimoja cha mifukoni. Aliulizwa siri. "Mimi kazini nasikiliza shida za foleni nzima mpaka saa kumi," akasema. "Hiki kijiti kinanisumbua nini?"

Jumapili ya tatu mvua ilinyesha kama imetumwa. Moto haukumwakia Kiguu, lakini aliteleza kwenye mteremko wa tope kwa makalio kutoka juu hadi kwenye kijito, akasimama, akapanda tena, akateleza tena kwa makusudi. Wakiwa wamejibanza chini ya banda walilojenga wenyewe, lisilovuja ila upande wa Bwana Gia, Kocha akatoa habari. Kozi ikiisha anaongoza msafara: siku kumi kwa miguu, kutoka upande huu wa msitu mpaka upande wa pili, mto wanauvuka mara mbili. Hachukui kila mtu. Anamchukua aliyewasha moto kwa vitu vyake mwenyewe, hata kamba, Jumapili ya nne, kabla jua halijaondoka kwenye lile jabali kubwa.

"Siku ya sita mimi nimeteguka, mvua hii, watu wanatetemeka," Kocha akasema. "Nani anawasha? Kama si wewe, baki nyumbani."

Mvua ikaachia kidogo. Mbali kabisa, nyuma ya miti, kikaonekana kilima, rangi yake kama moshi.

"Kile ni wapi?" Kiguu akauliza.

"Kile," Kocha akasema, "ni siku ya saba."

Kuna watu huonyeshwa nyumba, wengine gari, wakakosa usingizi. Kiguu alionyeshwa siku ya saba. Kwisha habari yake.

Jumatatu akaieleza saluni nzima, mikono hewani, mteja kaachwa na kichana kimesimama kichwani. Mama Mdogo alisikiliza hadi mteja akaondoka. Halafu akavuta stuli, akakaa, jambo ambalo halifanyi mchana. Ana soksi zile za kubana za hospitali, na juu ya soksi miguu imejaa kama mikate. Akatoa funguo za saluni, zimefungwa kwenye kibanio chekundu cha nywele, akaziweka juu ya meza. Pembeni akaweka fomu ya leseni.

"Kaa, mwanangu."

Kiguu akakaa. Mguu ukaendelea.

"Miaka thelathini nimesimama humu. Daktari kaniambia nichague, nikae mwenyewe au yeye anilaze. Fomu nimeijaza jina lako. Imebaki sahihi."

"Mamdogo, mimi..."

"Najua. Wewe mbele. Kompyuta mbele, keki mbele, gitaa mbele mpaka juu ya kabati. Sasa sikiliza. Ukiwasha huo moto wako kwa vijiti, mwenyewe, ukawaka, nenda hizo siku kumi, mtu wa kushika hapa nitatafuta mimi, na neno hutalisikia. Usipouwasha, Jumatatu ijayo unasaini, funguo unachukua, na hadithi ya mbele tunaifunga. Na sitaki uniletee moshi. Nataka moto."

"Utaniamini vipi? Kocha anakusanya simu zote, anazitia kwenye debe."

"Nitajua tu."

Habari ikafika kwenye grupu kabla chai haijapoa. "Kiguu anapewa saluni, hongera zake," mmoja akaandika. "Moto wa vijiti? Huyu huyu wa bati la keki?" Kiguu akasoma zote, hakuweka hata kicheko kimoja. Binamu wakaanza kuulizana kama anaumwa.

Jumapili ya nne ikafika na jua kali. Jabali lilikuwa limesimama mwisho wa uwazi, jeupe kama kinyago kilichopakwa chokaa. Kocha akapita na debe, simu zikaingia moja moja, na kamba za viatu zikafuata.

"Kisu, na ulichoingia nacho mwilini, ni chako," akasema. "Kingine chote kiko msituni. Kuanzia kamba. Haya."

Watu wakatawanyika kuchuna magome. Kiguu akachuna la kwake, akaligeuza. Ndani lilikuwa na nyuzi ndefu, laini, zenye utelezi. Ilibidi zichanwe, zigawanywe, zisokotwe pole pole hadi ziwe kamba. Akazitazama zile nyuzi, akasikia kama feni ya saluni inazunguka juu yake. Yaani mtu amedamka alfajiri, kapanda basi, kavuka kijito, ametoroka vichwa vya watu, halafu msituni anapewa nywele? Hapana. Haiwezekani.

Mkono ukapanda kichwani wenyewe. Alikuwa na rasta mpaka kiunoni, Mama Mdogo alimsuka siku tatu nyuma.

"Kocha! Umesema cha mwilini ni changu?"

"Ndiyo."

"Hata cha kichwani?"

Kocha akatafuna jani alilokuwa nalo mdomoni. "Kichwa kiko mwilini."

Kiguu akakaa juu ya gogo, akaanza kufumua upande wa kulia. Dakika kumi, na fungu la rasta liko mapajani. Dakika kumi nyingine, ana kamba ya mikono mitatu, imesukwa safi, nyororo, inang'aa. Wengine bado wanang'ang'ana na magome, yeye anafunga upinde. Bwana Gia akapita akasimama.

"Kamba ina mng'ao hiyo. Rangi gani?"

"Namba ishirini na saba."

"Imekutoa."

Akakanyaga kibao, akavuta. Ulindi ukaimba. Moshi ukatoka, akautamani, akaukataa, akaendelea. Arobaini ikapita. Hamsini ikapita! Sitini! Kichwani ameshafika siku ya saba, anapandisha kilima. Halafu ikaja harufu.

Ile harufu, jamani. Kila msusi duniani anaijua. Ukimaliza kichwa unashika kiberiti cha gesi, unapitisha kwenye ncha za rasta, zinayeyuka, zinajifunga, zisifumuke. Kiguu ameinusa kila siku ya kazi kwa miaka kumi na miwili. Katika binadamu wote waliowahi kuingia kwenye ule msitu, ni mmoja tu aliyelipwa maisha yake yote kujua kwamba rasta na moto haviwezi kukaa pamoja, na huyo ndiye aliyezifunga kwenye upinde.

Kamba ikakatika, tap. Katikati ya ulindi ikabaki pete ngumu ya plastiki iliyoyeyuka, na unga ukapoa.

"Hiyo harufu ni ya nini?" Kocha akauliza kutoka mbali.

"Ya kazini," Kiguu akasema.

Kivuli kilikuwa kimeshapanda nusu ya jabali. Moto wa Bwana Gia unawaka. Wa mama mmoja muuza viatu unawaka. Kiguu akasimama. Mguu haukutaka kusikiliza mtu, ukaanza kuelekea kwenye njia ya kurudia, na kichwa kikaanza kuusaidia kwa hoja, kama kawaida yake. Moto ni mambo ya zamani. Kuna kupanda majabali kwa kamba, kuna kuendesha mtumbwi, aliona video juzi. Hatua kumi. Kumi na tano.

"Unaenda wapi?" Bwana Gia akauliza.

Jibu lake la miaka ishirini na moja lilikuwa tayari mdomoni. Halikutoka. Upepo ulipita, ukampiga upande wa kulia wa kichwa, ule uliofumuliwa, nywele zimesimama wima kama zimeona jambo. Upande wa kushoto rasta zimelala hadi kiunoni. Akajishika.

Sasa hapa muelewe kitu kuhusu huyu dada. Gauni ataacha, gitaa ataacha, keki ataiacha kwenye bati ioze. Ila hajawahi, hata mara moja, kumtoa mteja nusu kichwa. Umeme umekatika, amemaliza kwa tochi ya simu imebanwa kwapani. Bati limevuja, amemaliza mteja kafunikwa mwavuli. Kuna mmoja alipatwa na uchungu wa kuzaa katikati ya kusukwa, na Kiguu akapanda naye gari, akamalizia mistari mitatu ya mwisho hospitalini, nesi anafoka. Kichwa ukikianza unakimaliza. Hiyo haikuwa sheria ya mtu, ilikuwa tu haimwingii akilini vingine. Na hiki kilichoko shingoni mwake sasa hivi kimekaaje?

"Siendi," akasema, akarudi kwenye gogo.

Akaokota magome aliyoyatupa. Akayakwangua kwa kisu, akazichana nyuzi kwa kucha, akazigawa mafungu mawili. Akafumba macho. Vidole vikaanza vyenyewe: fungu la kulia unalisokota kwenda nje, unalivusha juu ya la kushoto, unashika, unarudia. Ni twisti ile ile ya wanafunzi wa chuo, ile inayochukua saa mbili na nusu. Kocha akaja kusimama juu yake, akaacha kutafuna.

"Nani kakufundisha kusokota hivyo?"

"Vichwa."

Akachonga ulindi mwingine, akaubonyeza kwa kucha, kucha ikaacha alama. Jabali lilikuwa limebaki na jua robo ya juu. Akapiga goti, mguu wa kushoto juu ya kibao. Ule mguu. Akautazama kama unavyomtazama mtoto wa mgeni.

"Leo," akauambia, "tuheshimiane."

Akavuta. Safari hii hakuhesabu mivuto, maana akihesabu anajua ataachia arobaini. Akawa anasuka. Mstari wa kwanza, nyuma ya sikio. Umeisha, wa pili. Mteja ana nywele nyingi, sawa, wa tatu. Moshi ukapanda usoni, macho yakamchoma, machozi yakashuka, hakuchungulia. Nani anachungulia kioo kichwa kikiwa hakijaisha? Wa sita. Wa saba. Bega linawaka, mkono unakufa ganzi, kamba ya magome inalia kwii kwii lakini inashika. Alikuwa ameinama mpaka nywele zake zote, zilizosukwa na zilizofumuliwa, zimefunika kibao kama pazia. Kisogoni, mstari wa mwisho. Akamaliza.

Akauondoa ulindi. Moshi ukaendelea kutoka wenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Ndani ya unga mweusi kulikuwa na kijinukta chekundu, kidogo kuliko hereni.

Ndipo akagundua kuwa mguu umesimama, na hajui ulisimama saa ngapi.

Akalimimina kaa kwenye kiota cha nyasi kavu, akalifunika kwa viganja, akalipulizia kidogo kidogo kama anapoza chai ya mtoto. Moshi ukawa mzito, mweupe. Halafu puu, nyasi zikashika mikononi mwake, akazitupa juu ya vijiti akipiga kelele ambazo, kwa mujibu wa Bwana Gia, zilihamisha ndege wote wa upande ule.

Kocha akageuka kuliangalia jabali. Jua lilikuwa limebaki kileleni, upana wa kidole.

"Siku ya msafara vaa kofia," akasema. "Hizo nywele zitatutishia wanyama."

Kwenye basi la kurudi hakuna aliyekaa naye kiti kimoja. Alikuwa na masizi puani, na kichwa kama watu wawili waliokosana. Alipofika mtaani fundi wa mageti aliinua miwani yake ya kuchomelea, akamtazama vizuri, akaishusha tena.

Saluni ilikuwa na kitambaa cha "Tumefunga" mlangoni, lakini Mama Mdogo alikuwa ndani, kwenye stuli, funguo mapajani, fomu mezani, na kalamu juu yake. Akainua macho. Akayashusha. Akayainua tena kuhakikisha.

"Nani kakufanyia hivyo?"

"Mimi mwenyewe. Mamdogo, umewaka! Yaani umewaka hivi..."

"Nyamaza. Nenda kwenye sinki."

Kiguu akalaza shingo kwenye sinki. Maji ya uvuguvugu yakapita, yakatoka ya kijivu. Vikatoka vipande vya majani, mchanga, mdudu mmoja aliyeonekana kushangaa. Mama Mdogo akaziachanisha nywele kwa vidole, akainama, akanusa. Akahamia nyuma ya sikio, akanusa tena.

"Moshi wa kupita unakaa juu juu, maji ya kwanza unatoka," akasema kama anajisemea. "Huu umeingia hadi kwenye shina. Ulikuwa umeinama juu yake muda mrefu."

"Si nimekwambia."

"Wewe umesema. Nywele ndio zimeniambia." Vidole vikasimama. Alikuwa ameshika ncha ya rasta iliyoyeyuka, iliyonasa kwenye kola. "Na hii?"

Ikabidi Kiguu amweleze habari ya kamba namba ishirini na saba. Mama Mdogo alisikiliza hadi kwenye ile harufu, halafu akacheka mpaka akaachia maji, akashika ukuta, akarudi kwenye stuli anajifuta macho kwa taulo la mteja, simu mkono wa pili.

"Msusi! Msusi wangu mimi! Rasta kwenye moto!"

"Usiweke kwenye grupu, Mamdogo, nakuomba."

"Nimeshaweka."

Alipopumua sawasawa akamkalisha mbele ya kioo chenye ufa, akaanza kufumua upande wa kushoto. Hakuchukua rasta ukutani. Alichukua kichana na mafuta, akaanza kumsuka nywele zake mwenyewe, mistari myembamba ya kulala, ya kubana.

"Siku kumi umesema."

"Kumi."

"Hii inakaa wiki mbili. Nimeongea na yule dada wa saluni ya kona, atakuja kushika."

Kiguu akamtazama kwenye kioo. "Umeongea naye lini?"

"Jumanne."

"Jumanne? Kabla sijawasha? Kwa hiyo ulijua nitawasha?"

"Nilijua utaondoka," Mama Mdogo akasema. "Moto sikuwa na uhakika nao."

Nje fundi wa mageti alikuwa anafunga, vyuma vinagongana. Mama Mdogo akahamisha uzito mguu mmoja kwenda mwingine, taratibu, akidhani hajaonekana. Kiguu akaona. Akainuka, akavuta stuli, akaisukuma nyuma yake, akakaa sakafuni kati ya magoti yake ili Mama Mdogo asuke amekaa.

"Na baada ya siku kumi?" sauti ikauliza juu ya kichwa chake.

Kiguu akafikiria kilima cha rangi ya moshi, na kilichoko nyuma ya kile kilima, ambacho Kocha hakuwahi kukitaja ni siku ya ngapi. Akafikiria zile soksi zilizokuwa zinamgusa mabega.

"Sijui, Mamdogo. Kweli sijui."

"Haya. Geuza kichwa."

Akageuza. Fomu ilikuwa juu ya meza, chini ya chupa ya mafuta, na hakuna aliyeichana wala aliyeisaini.

"Na tulia," Mama Mdogo akasema.

"Nimetulia."

"Mguu."

"Ah. Huo mguu haunihusu."